Sumaku kwenye mpaka wa oksidi: upime kwa umeme, magnetometa, skwidi ya kuchanganua au miale?

Hii ni kwa yule ambaye sampuli yake ishatoka kwenye mashine, LaAlO3 (oksidi ya lanthani na alumini) nyembamba imekaa juu ya SrTiO3 (oksidi ya stronti na titani), umeme unapita mpakani vizuri tu, na swali limebaki moja: hii gesi ya elektroni ina usumaku au haina? Wengi wanakwama hapa hapa. Ukiuliza huyu anakwambia pima ukinzani yatosha, yule anasema bila sinkrotroni (mashine kubwa ya kutoa eksirei kali) usijisumbue, na kila mmoja ana pepa lake la kukuonyesha.

Kwa aliyeingia katikati ya stori: mwaka 2004 Ohtomo na Hwang walionyesha kwamba ukiotesha LaAlO3 juu ya SrTiO3, ambavyo vyote viwili ni vihami, pale vinapokutana panatokea elektroni zinazotembea kwa uhuru kwenye utandu wa nanomita chache tu. Ndo inaitwa gesi ya elektroni ya 2D. Mwaka 2006 ikajulikana LaAlO3 lazima ifike unene wa seli 4 za kristali ndo umeme upite, 2007 ikaonekana kwamba karibu na 0.2 K umeme unapita bila ukinzani wowote (yaani superkondakta), na mwaka huohuo Brinkman na wenzake wa Twente kule Uholanzi wakaleta dalili za usumaku. Yaani vitu viwili visivyo na sumaku, ukivikutanisha, katikati kuna sumaku. Tangu hapo namba zimegombana kweli kweli: mwaka 2011 magnetometa ya msokoto ilitoa kama 0.3 ya magnetoni ya Bohr (kipimo kinachokaribia usumaku wa elektroni moja) kwa kila seli ya mpakani, mwaka 2012 miuoni (chembe ndogo zinazopigwa ndani ya sampuli kuhisi sumaku) zikatoa chini ya 0.01. Tofauti ya zaidi ya mara 30! Na sio lazima mmoja wao awe amekosea, kwa sababu sampuli hazikuwa zilezile na vifaa havikuwa vinaangalia kitu kilekile.

Kwa hiyo kabla hujachagua njia, ziulize zote maswali haya. Inaona nini hasa: elektroni zinazotembea, au chochote chenye sumaku kwenye kipande kizima, au kaeneo kamoja kamoja? Inadanganywa na nini? (Hili kwangu ndo lina uzito kuliko yote, kwa sababu hapa unawinda ishara ndogo sana na kila kitu kingine kwenye chumba kina ishara kubwa kuliko yako.) Na inakula nini, kwa maana ya muda, sampuli na foleni? Kisha nasema inamfaa nani.

1. Kupima umeme

*Inaona nini.* Inaona elektroni zenyewe, zilezile zinazobeba mkondo, na kwa hilo haina mpinzani. Unashusha joto huku unapima ukinzani, halafu unapandisha uga wa sumaku na kuushusha, kwenda na kurudi. Watu wanatafuta dalili kama tatu hivi: ukinzani ulioshuka na joto kisha ukaanza kupanda tena kule chini (hii wanaihusisha na Kondo, elektroni zinagongana na spini, yaani vijisumaku vya elektroni, zilizokwama sehemu moja), mchoro wa kwenda usiolingana na wa kurudi, yaani histeresisi, na mstari wa Hall (volti inayotokea kando ya mkondo ukiweka uga wa sumaku) uliopinda. Histeresisi ya Brinkman ilionekana kwenye 0.3 K.

Utamu mwingine ni geti ya nyuma. SrTiO3 ikipoa, uwezo wake wa kuitikia uga wa umeme unapanda kutoka kama 300 kwenye joto la kawaida hadi zaidi ya 20,000 karibu na sifuri kamili, kwa hiyo ukiweka volti chini ya sabstreti (kile kipande cha SrTiO3 kilicho chini) unaongeza au kupunguza elektroni bila kubadilisha sampuli. Kundi la Ilani pale taasisi ya Weizmann, Israeli, lilitumia hilo mwaka 2012 na 2013, likakuta kuna kizingiti karibu elektroni 1.7×10^13 kwa sentimita ya mraba, ukikivuka obiti za titani (makazi ya elektroni kwenye atomi) ziitwazo dxz na dyz zinaanza kujaa na tabia ya gesi ndani ya uga wa sumaku inabadilika kabisa. Hakuna njia nyingine kati ya hizi inayokupa kitufe rahisi namna hiyo.

*Inadanganywa na nini.* Na vingi. Ule mpindo wa Hall unatokea hata pasipo sumaku yoyote, maana elektroni za dxy na zile za dxz/dyz hazina wepesi sawa na ukizijumlisha mstari hauwezi kunyooka. Kupanda kwa ukinzani kule chini kunaweza kuwa ni mawimbi ya elektroni yanaingiliana tu kwenye utandu wenye kasoro. Histeresisi nayo, hebu izungushe uga kwa kasi nusu ya uliyotumia: kitanzi kikisinyaa, basi hiyo ilikuwa sampuli inapata joto na kupoa, sumaku hamna. Halafu kuna mambo madogo ambayo hayaandikwi kwenye pepa. Waya za alumini unazobandika kwa mtetemo wa ultrasoniki ili zitoboe hadi mpakani, zenyewe zinapoteza ukinzani chini ya kama 1.2 K, kwa hiyo ukiwa 0.3 K usishangilie kila kijimruko karibu na uga sifuri. Na mwanga: sampuli ikipigwa na taa ya chumba inabaki na elektroni za ziada kwa muda mrefu, iache gizani usiku kucha ndo uanze.

*Inakula nini.* Kidogo. Kryostati (mashine ya kupoza), sumaku, vipande vidogo, na unaweza kurudia wiki nzima.

*Inamfaa nani.* Anayetaka kujua elektroni zinahisi nini, na anayetaka kulinganisha sampuli nyingi. Haimfai anayetaka kuandika "kuna usumaku wa kiasi fulani", kwa sababu ukinzani haukupi kiasi. Unakupa tabia tu, kiasi unakadiria mwenyewe kupitia modeli.

2. Magnetometa: skwidi ya kawaida na ya msokoto

*Inaona nini.* Skwidi ni kihisio cha superkondakta kinachosoma uga mdogo sana wa sumaku. Inaona momenti yote ya sumaku (nguvu ya sumaku kwa jumla) iliyomo kwenye kipande ulichoweka. Yote. Hapo ndo nguvu yake na hapohapo ndo balaa lake.

Tupige hesabu kidogo, ni muhimu. Chukua sampuli ya milimita 5 kwa 5. Seli ya SrTiO3 ina upana wa nanomita 0.3905, kwa hiyo mpakani una seli kama 1.6×10^14. Zipe kila moja 0.3 ya magnetoni ya Bohr, jumla inakuja kama 4.6×10^-7 emu (kipimo cha momenti ya sumaku). Skwidi nzuri ya maabara inaweza kusoma hadi karibu 10^-8 emu, kwa hiyo ishara yako inasomeka, safi. Tatizo ni kilicho chini yake. Sabstreti ya unene wa milimita 0.5 ni dayamagneti, na ukiweka uga wa tesla 1 inatoa ishara ya upande wa pili iliyo kubwa zaidi ya mara 100 kuliko ya mpaka wako. Ni kama kumpima tembo akiwa na nzi mgongoni, halafu ukampima tena nzi akiwa ameruka. Inawezekana, ila mizani iwe haichezi hata kidogo.

*Inadanganywa na nini.* Chuma. Ile 4.6×10^-7 emu ni sawa na nanogramu 2 tu za chuma, yaani kipunje chenye upande wa mikromita 6 hivi, ambacho hukioni kwa macho. Kinatoka wapi? Kibano cha chuma ulichoshikia sampuli, msumeno uliokatia, rangi ya fedha iliyotumika kugandisha sampuli kwenye hita. Na hii ilishatokea pabaya: mwaka 2004 ilitangazwa kwamba filamu za oksidi ya hafni zina usumaku wa ajabu, mwaka 2005 watafiti wengine wakaonyesha kwamba ishara za aina hiyo unaweza kuzipata kwa kuzishika tu filamu na kibano cha chuma cha pua. Tangu hapo mtu wa oksidi asiyetumia kibano cha plastiki au titani simwelewi.

Hata ukiwa msafi, sabstreti yenyewe ina tabaka za seli kama milioni 1.3 kutoka juu hadi chini. Maana yake uchafu wa sehemu moja kwa milioni, ukiwa na atomi zenye sumaku, unalingana kwa idadi na tabaka zima la mpaka wako. Ndo maana ripoti za usumaku hadi joto la kawaida zinazosimama kwa magnetometa peke yake mimi nazisoma polepole. Sisemi ni za uongo, kundi la Singapore mwaka 2011 liliripoti kitu kama hicho na kazi yao ilifanywa kwa makini, ila nataka kuona sabstreti tupu iliyopita hatua zote zilezile: joto lilelile, oksijeni ileile, mkono uleule.

Magnetometa ya msokoto inapunguza sehemu ya tatizo. Badala ya kupima momenti moja kwa moja, unabandika sampuli kwenye kijiulimi chembamba na unaona uga unavyokisokota. Kinachofuata uga sambamba hakisokoti, kwa hiyo sehemu kubwa ya mlio wa sabstreti inanyamaza. Li, Richter, Mannhart na Ashoori walifanya hivi mwaka 2011 wakaona ile 0.3 ya magnetoni, na kwenye sampuli hiyohiyo ikawepo dalili ya superkondakta. Ila kumbuka msokoto ni momenti ikizidishwa na uga, kwa hiyo ukifika uga sifuri ishara nayo ni sifuri, na swali la "je sumaku inabaki nikizima uga?" halijibiwi kirahisi.

*Inakula nini.* Skwidi ya kawaida iko kwenye maabara nyingi, siku chache unamaliza. Msokoto unahitaji mtu anayejua kutengeneza vijiulimi.

*Inamfaa nani.* Anayehitaji kiasi, namba kamili, na yuko tayari kutengeneza sampuli za ulinganisho nyingi kuliko sampuli halisi. Kama una kipande kimoja tu na huna sabstreti tupu ya kulinganisha, achana nayo.

3. Skwidi ya kuchanganua

*Inaona nini.* Ramani. Kitanzi kidogo cha mikromita chache kinapita juu ya sampuli na kusoma uga wa kila sehemu. Bert, Moler na wenzao wa Stanford mwaka 2011 walikuta vitu viwili kwenye picha ya sampuli moja: madoa yenye sumaku yaliyotapakaa ovyo, na superkondakta ikiwepo. Hapo ndo watu walipoanza kuacha kufikiria tabaka moja laini lenye usumaku sawa kila mahali. Mwaka uliofuata Kalisky na wenzake wakaonyesha kwamba madoa hayo yanaanza kuonekana pale tu LaAlO3 inapofikia unene wa karibu na ule wa umeme kuanza kupita. Kwangu huu ni ushahidi mzito kuliko ukubwa wa namba yoyote, kwa kuwa vumbi la chuma halihesabu tabaka za kristali.

*Inadanganywa na nini.* Kitanzi hakijui doa limetengenezwa na atomi gani, titani au chuma kwake ni sawa. Usumaku ulio laini na sawa kila sehemu hautoi uga mwingi nje, kwa hiyo unaweza kukipita kitanzi bila kuonekana. Na kugusa kunabadilisha: kundi la Kalisky mwaka 2012 hilohilo lilionyesha kwamba ukikandamiza sampuli kwa ncha ya kifaa, madoa yanabadilika nguvu na mwelekeo. Ni ugunduzi mzuri kwa kweli, ila ni onyo pia kwa anayechanganua kwa mkono mzito.

Ndugu yake ni hadubini ya nguvu ya sumaku, ile ya ncha inayotetema. Kundi la Levy wa Pittsburgh waliitumia mwaka 2014 na geti ya juu, wakaripoti usumaku kwenye joto la kawaida unaotokea pale elektroni zinapopunguzwa mpakani, sio zinapoongezwa. Ncha hiyo inavutwa na chaji ya umeme pia, kwa hiyo ukiwa na geti lazima utenganishe ipi ni sumaku na ipi ni umeme tu.

*Inakula nini.* Skwidi ya kuchanganua ipo kwenye makundi machache, utahitaji ushirikiano. Sampuli haiharibiki usipoikandamiza.

*Inamfaa nani.* Anayeshuku sampuli yake haiko sawa kila mahali. Kwa LaAlO3/SrTiO3 huyo ni karibu kila mtu.

4. Miale: eksirei, neutroni, miuoni

Nimeziweka pamoja kwa sababu zote unaziombea muda kwenye kituo kikubwa, ila majibu yake hayafanani.

*Zinaona nini.* Eksirei zilizopindwa kulia na kushoto zinakuambia ni elementi gani yenye sumaku. Unaweka nishati kwenye titani, karibu na 460 eV, unapima tofauti. Ukitaka kujua kama kuna chuma unapanda hadi karibu 707 eV unaangalia hapo. Lee na wenzake mwaka 2013 walisema sumaku iko kwenye titani, obiti ya dxy. Mwaka huohuo Salluzzo na wenzake nao wakaona momenti za Ti3+ (titani iliyopungukiwa elektroni tatu), ila wakaongeza jambo: sampuli ikichomwa ndani ya oksijeni usumaku unazimika, kwa hiyo mapengo ya oksijeni yanahusika sana. Neutroni zinakupa usumaku kwa kina, tabaka kwa tabaka. Fitzsimmons na wenzake mwaka 2011 walizitumia kwenye LaAlO3/SrTiO3 wakaishia kutoa kikomo cha juu tu, yaani kama upo basi hauzidi hapa. Miuoni za nishati ndogo, Salman na wenzake mwaka 2012, zinasimama ndani ya sampuli na kuhisi uga wa jirani, na ndo zilitoa ile namba ndogo.

*Zinadanganywa na nini.* Eksirei zenyewe zinang'oa oksijeni kwenye SrTiO3. Soma hiyo mara mbili: kama usumaku unatoka kwenye mapengo ya oksijeni, boriti yako inaweza kuwa inautengeneza huku unaupima. Pima haraka, hama sehemu, rudia ya kwanza uone kama imebadilika. Neutroni na miuoni hazina ugonjwa huo, shida yake ni wastani: madoa machache yenye nguvu yakizungukwa na eneo kubwa lisilo na kitu yanatoka kama namba ndogo ya jumla. Ukiweka ramani ya Stanford pembeni ya namba ya miuoni, ugomvi wa zile namba unapungua, hauishi.

*Zinakula nini.* Andiko la maombi, kungoja, halafu siku chache usiku na mchana. Neutroni zinapenda sampuli pana, na kwa miuoni tabaka zilizorudiwarudiwa zinasaidia, kwa hiyo unaweza ukajikuta umepima kitu ambacho sio kilekile ulichopima umeme.

*Zinamfaa nani.* Eksirei: mwenye ishara tayari anayetaka kujua ni ya nani. Neutroni na miuoni: anayetaka kujua usumaku umejaa kiasi gani na uko kina gani, na anayeweza kuandika "sikuona kitu" bila kuona aibu.

Uchukue ipi

Kama ndo unaanza, una kryostati na sampuli za unene tofauti, anza na umeme. Pima seli 2, 3, 4 na zaidi, na utakachokiona kwenye zile zinazopitisha kilinganishe na SrTiO3 iliyofanywa ipitishe umeme kwa kuondoa oksijeni tu, bila LaAlO3. Dalili zikiwa sawa pande zote mbili, mpaka haujafanya kitu cha pekee.

Kama umepata kitanzi kwenye magnetometa na moyo unadunda, usiende moja kwa moja kuandika. Osha sampuli, pima tena, igeuze, pima sabstreti tupu, halafu omba muda wa eksirei kwenye titani na kwenye chuma. Ukikosa sinkrotroni, seti ya unene tofauti inasaidia sana kwa bei ndogo: ishara isiyojali unene wa LaAlO3 ina uwezekano mkubwa inatoka kwingine.

Kama sampuli zako mbili za siku moja zinatoa majibu tofauti, usipige wastani, tafuta ramani. Kristali ya SrTiO3 chini ya 105 K inajigawa vikanda vyenye mwelekeo tofauti, na hata bila sumaku mkondo haupiti sawa kila sehemu.

Kama hoja yako ni kwamba usumaku haupo, magnetometa na umeme havitakubeba. Hapo ni neutroni au miuoni, pamoja na ramani ya kuonyesha kwamba hakuna madoa.

Na kama hutaki ugomvi huu wote, unachohitaji ni gesi yenye spini zilizoelemea upande mmoja kwa ajili ya kitu kingine, badilisha nyenzo. Weka seli chache za EuTiO3 katikati ya LaAlO3 na SrTiO3 kama walivyofanya Stornaiuolo na wenzake mwaka 2016, au GdTiO3 juu ya SrTiO3, au EuO juu ya KTaO3 ambako EuO yenyewe ni sumaku hadi 69 K. Hapo shida inageuka: magnetometa itapiga kelele ya "sumaku ipo!" na haitakuambia chochote kuhusu elektroni, kwa kuwa inasoma tabaka la europi au gadolini lililoko jirani. Kwenye sampuli hizo umeme unapanda daraja, histeresisi ya ukinzani na Hall ndo vitakuonyesha kama gesi imeambukizwa, na ukiweza upime juu na chini ya joto ambalo tabaka la jirani linapoteza usumaku wake, ili uone kama dalili za gesi zinaondoka nalo.